Nyekundu Inapofifia: Dawa ya Kifua Kikuu na Nuru ya Macho

Mji wa Gisenyi, uliopo kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu na ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 umo katika Wilaya ya Rubavu, umekaribiana mno na mji wa Goma. Mgeni asingeweza kujua mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia kama visingekuwapo vizuizi vya mpaka. Watu wa pande zote mbili huuziana nyanya, maziwa, samaki na vitambaa, huoana, huzikana, na kwa bahati mbaya huambukizana. Kongo imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa kifua kikuu duniani. Si ajabu basi kwamba ugonjwa huu, ambao Wanyarwanda huuita igituntu, haujawa hadithi ya kale katika mji wa mpakani wenye soko, kambi, bweni, gereza na nyumba za kupanga zilizobanana.

Habari njema zinajulikana na wengi. Kifua kikuu kinatibika. Yule mgonjwa ambaye babu zetu walimtengea kibanda nyuma ya mji, leo hupewa vidonge, na baada ya miezi sita huwa mtu mzima kama wengine. Jambo lisilosemwa mara nyingi, na ambalo kila familia yenye mgonjwa inapaswa kulijua mapema, ni kwamba mojawapo ya dawa hizo huweza, kwa watu wachache, kudhuru macho. Faraja ni kwamba madhara hayo aghalabu hurudi nyuma yakigunduliwa upesi. Hatari ni kwamba huja polepole, bila maumivu, wala jicho halibadiliki rangi, hata mwenye macho mwenyewe hudhani ni uchovu tu.

Dawa inayohusika ni ethambutoli. Iligunduliwa Marekani mwaka 1961, na katika muda wa mwaka mmoja tu waganga walikwisha kuandika juu ya wagonjwa walioitumia wakapungukiwa na uwezo wa kuona. Haikutupwa kwa sababu hiyo, na haikustahili kutupwa. Vijidudu vya kifua kikuu ni vijanja: vikipigwa kwa dawa moja, vile vichache visivyosikia dawa hiyo hubaki na kuzaana, na baada ya muda mgonjwa huwa na kundi zima la vijidudu sugu. Ndiyo maana dawa hutolewa nne kwa pamoja katika miezi miwili ya kwanza, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kazi ya ethambutoli ni kulinda zamu, ili kama isoniazidi imeshindwa kwa mgonjwa fulani, rifampisini isiachwe kupigana peke yake. Miezi minne inayofuata hubaki rifampisini na isoniazidi tu.

Mpango huo ulifanyiwa utafiti wake mkubwa katika nchi zetu hizi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoongozwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, nayo yakathibitisha kwamba matibabu yaliyokuwa yakichukua mwaka mmoja na nusu yangeweza kufupishwa hadi miezi sita. Mnamo mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akisaidia Dakta Karel Styblo, na kutokana na mpango huo dunia ikajifunza namna ya kumsimamia mgonjwa ameze dawa mpaka mwisho.

Siku hizo nchi nyingi za Afrika Mashariki zilitumia dawa ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni. Ulipoingia UKIMWI, ikaonekana kwamba thiasetazoni huwababua vibaya ngozi wenye virusi, wengine hata kufa. Ikaachwa, na ethambutoli ikachukua nafasi yake. Kwa miaka kadhaa, mpaka kati ya miaka ya 2000, wagonjwa wa nchi kama Kenya na Tanzania walimeza ethambutoli si kwa miezi miwili bali kwa minane. Muda ukirefuka, nafasi ya jicho kudhurika nayo hukua. Mpango wa sasa, ambamo dawa hiyo huondoka baada ya miezi miwili, umepunguza jambo hilo sana, ingawa haukulimaliza. Wapo ambao matibabu yao hulazimika kurefushwa, na wapo wenye kifua kikuu kisichosikia isoniazidi, ambao huendelea na ethambutoli kwa miezi yote sita au zaidi.

KINACHOTOKEA NDANI YA JICHO

Jicho hupokea mwanga, lakini anayeona ni ubongo. Kati ya hivyo viwili kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, mfano wa waya za simu zilizofungwa pamoja. Nyuzi zinazotoka katikati ya jicho, pale tunapotumia kusomea, kutia uzi katika tundu la sindano na kutambua uso wa mtu, ni nyembamba kuliko zote na hula nguvu nyingi. Nguvu hiyo hutengenezwa na vijumba vidogo ndani ya chembe hai, viitwavyo mitokondria. Inaaminiwa kwamba ethambutoli huyashika na kuyaondoa madini ya shaba na zinki ambayo vijumba hivyo vinayahitaji. Nyuzi nyembamba ndizo zinazodhoofu kwanza, kama vile taa ya mwisho wa laini inavyofifia umeme unapopungua.

Kwa sababu hiyo dalili zina sura yake maalumu. Macho yote mawili huguswa kwa pamoja au kwa kufuatana karibu. Katikati ya kile anachokitazama mtu huwa na ukungu au doa, ilhali pembeni anaona vizuri, kwa hiyo huweza kutembea uani bila kujikwaa na bado akashindwa kusoma jina lililo kwenye bahasha. Rangi hufifia, hasa nyekundu na kijani. Nyekundu ya nyanya huonekana kama kahawia iliyochakaa. Hakuna maumivu, hakuna usaha, hakuna machozi. Kwa kawaida hayo hayatokei wiki ya kwanza. Mara nyingi huanza baada ya mwezi wa pili, na hata baadaye.

Hapa inafaa kutenganisha jambo hili na lingine linalowatisha wagonjwa bure. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa ya rangi ya chungwa. Mtu akipangusa jicho akaona leso imetiwa rangi, asidhani jicho linaoza. Rangi hiyo haidhuru kitu, nayo hutoweka dawa inapokwisha.

Je, ni wangapi hupatwa? Jibu linategemea kipimo. Kwa wanaopewa takriban miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ni pungufu ya mtu 1 katika 100. Kipimo kikifika miligramu 25 kwa kilo, huwa kama watu 5 au 6 katika 100, na kikizidi 35 hupanda hadi kama 18. Ndiyo maana mgonjwa huwekwa kwenye mizani kabla hajapewa kidonge cha kwanza, na tena baadaye. Vidonge vya siku hizi, vyenye dawa zote nne katika kimoja, huwa na miligramu 275 za ethambutoli. Mtu wa kilo 60 humeza vinne kwa siku, navyo ni miligramu 1,100, yaani kama 18 kwa kila kilo. Asiyejua hesabu hiyo akaongeza kidonge cha tano ili apone upesi hapati kupona upesi. Anapanda ngazi ya hatari tu.

Figo nazo zina neno. Sehemu kubwa ya ethambutoli hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo, na figo zikiwa mbovu dawa hubaki katika damu na kujilimbikiza, hata kama kipimo kilichomezwa ni sahihi. Mwenye ugonjwa wa figo, wa kisukari au wa shinikizo la damu la miaka mingi, na mzee aliyepita miaka 60, hana budi kulitaja jambo hilo siku ya kwanza. Waganga wengi hawakuulizi kila kitu, hasa palipo na foleni; mgonjwa naye asingoje kuulizwa.

ASKARI ALIYEVAA SOKSI MBILI

Achukuliwe mfano wa askari wa usalama barabarani aliye katika mwezi wa tatu wa matibabu, ambaye dawa yake ya macho imeendelezwa kwa sababu vijidudu vyake havisikii isoniazidi. Kikohozi kimekoma, kilo zimerudi, amerejea kazini. Asubuhi moja mkewe anamwambia, “Baba watoto, mbona umevaa soksi moja ya kijani na nyingine ya kahawia?” Anacheka, anasema ni giza la chumbani. Wiki inayofuata anasogeza gazeti karibu na dirisha, halafu analisogeza mbali, halafu analiweka chini na kusema macho yanazeeka. Kazini anaanza kusoma namba za magari kwa kubahatisha. Hasemi, kwa kuwa anaogopa kuhamishiwa ghalani, na kwa kuwa anadhani atakapomaliza vidonge mambo yatakaa sawa.

Anayo haki ya kuogopa, lakini hesabu yake imekosewa. Kila wiki anayonyamaza ni wiki ambayo nyuzi zile dhaifu zinasogea kutoka kuugua hadi kufa. Uzi ulioshindwa kazi kwa kukosa nguvu huweza kuamka. Uzi uliokufa hauoti tena. Wagonjwa wengi ambao dawa ilisimamishwa mapema wamerudishiwa nuru yao katika muda wa majuma hadi miezi, wengine ikiwachukua hata mwaka. Waliochelewa, na hasa wazee, wamebaki na upungufu wa kudumu. Kitabu cha mganga husema kwamba madhara haya hurudi nyuma, na neno hilo ni la kweli, ila lina sharti ndani yake ambalo mgonjwa ndiye anayeweza kulitimiza kwa kusema mapema.

Kosa la pili ni kubwa zaidi ya kunyamaza, nalo ni la yule anayetambua ukungu machoni, akapata hofu, akatupa dawa zote chooni. Huyu ameokoa jicho akauza pafu, na huenda akawauza na waliomo nyumbani mwake, kwa maana vijidudu vilivyoachwa nusu ya vita hurudi vikiwa sugu. Kinachotakiwa kusimama ni ethambutoli peke yake. Na kwa vile dawa nne zimo katika kidonge kimoja, hakuna mtu anayeweza kuitoa ethambutoli kwa kisu akiwa jikoni kwake. Ni mganga atakayembadilishia mgonjwa vidonge, ili zile nyingine ziendelee bila kukosa siku. Kwa hiyo safari ni ile ile siku ile ile: kituo cha afya, na maneno ya wazi kwamba “ninameza dawa za kifua kikuu na macho yangu yamebadilika.”

Nchini Rwanda safari hiyo si ndefu kama ilivyo kwingineko. Kila umudugudu una wajumbe wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, abajyanama b'ubuzima, na kwa wagonjwa wengi hao ndio wanaoshuhudia dawa ikimezwa. Wauguzi wa vituo vya afya nchini walifundishwa kupima macho. Hospitali ya Gisenyi ipo kwa ajili ya wilaya, na kwa mambo makubwa ya macho kuna hospitali ya Kabgayi karibu na Muhanga, ambayo jina lake katika fani hiyo linajulikana nchi nzima. Kutoka Rubavu huweza kufikiwa kwa barabara ya Mukamira na Ngororero. Mjumbe wa afya ambaye kila asubuhi humwuliza mgonjwa “umemeza?” anaweza pia kumwuliza “unaonaje?” Swali hilo halina gharama.

Jambo moja linawapotosha hata watu wa tiba. Mwanzoni mwa ugonjwa huu, mganga akitazama ndani ya jicho kwa taa yake huweza kuona kila kitu kipo sawa, kwa kuwa sehemu iliyodhurika ipo nyuma, ndani ya mshipa. Weupe wa kichwa cha mshipa huonekana baadaye, wakati mwingine baada ya kuchelewa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba macho yake ni mazima, ilhali mwenyewe anajua haoni, asikubali kurudi nyumbani bila kupimwa kwa ubao wa herufi na kwa kitabu cha rangi.

Kitabu hicho cha rangi kina asili ya kijeshi. Mganga wa Japani, Shinobu Ishihara, alitakiwa na jeshi la nchi yake kubuni kipimo cha kuwachuja makuruta wasiotambua rangi, naye mwaka 1917 akachapisha kurasa zenye vitone vya rangi mbalimbali ambamo namba imefichwa. Mwenye macho mazima huisoma mara moja. Askari wengi waliopitia uchunguzi wa afya wa kuajiriwa wanakikumbuka. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu kitabu hicho hufanya kazi nyingine: kikitumika siku ya kuanza dawa na kila mwezi baadaye, huweza kuonyesha kufifia kwa rangi kabla mwenyewe hajang'amua. Kipimo cha siku ya kwanza ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu wapo wanaume waliozaliwa bila kutofautisha nyekundu na kijani, na bila kumbukumbu ya mwanzo hakuna atakayejua kama ni maumbile au ni dawa.

Nyumbani pia panaweza kufanyika upimaji mdogo. Ukurasa huu wa gazeti utundikwe ukutani penye mwanga wa kutosha, na kila Jumapili mgonjwa asimame mahali pale pale, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome, kisha abadilishe. Halafu atazame kifuniko chekundu cha chupa kwa jicho moja na kwa jingine, na aseme kama wekundu ni ule ule wa juma lililopita. Mtoto wa shule anaweza kuwa msimamizi wa zoezi hilo, na huwa mkali kuliko mama yake. Kwa watoto wadogo wenyewe, ambao hawawezi kueleza wanavyoona, hutazamwa mwenendo: mtoto aliyezoea kuokota punje moja ya mahindi sasa anapapasa, au anasogeza picha puani.

Mgonjwa ajihadhari pia na vitu vingine vinavyoudhoofisha mshipa huo huo. Pombe na tumbaku ni miongoni mwao, na lishe isiyo na vitamini za kundi B huongeza madhara. Kanyanga na pombe nyingine kali zinazopikwa kwa siri zinaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha kwa siku moja wala haiombi radhi. Isoniazidi nayo, ingawa mara chache sana, huweza kugusa mshipa wa jicho. Ndiyo sababu mganga humwongezea mgonjwa vitamini B6, na ndiyo sababu jicho lisipopata nafuu baada ya ethambutoli kuondolewa, isoniazidi nayo hutiliwa shaka.

KWA WENYE KIFUA KIKUU SUGU

Wale ambao ugonjwa wao umekataa dawa za kawaida wanayo habari yao. Zamani walichomwa sindano kwa miezi mingi, na katika matibabu yaliyoweza kufika miaka miwili, wengi walipoteza usikivu. Sikio likishadhuriwa na sindano zile halirudi, kwa maana vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa vimekufa. Mnamo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo matibabu ya vidonge vitupu kwa miezi sita: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini.

Linezolidi ndiyo inayohusika na macho. Ni dawa ya antibiotiki iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000 kwa matumizi ya majuma machache, na ndani ya muda huo macho huwa salama. Katika kifua kikuu humezwa kwa miezi, na hapo mambo hubadilika. Huwaua vijidudu kwa kuvizuia visitengeneze protini, lakini mitokondria zetu, ambazo kwa asili zina udugu na bakteria, nazo huzuiwa kidogo, na mshipa wa jicho ukarudi katika shida ile ile ya kukosa nguvu. Katika uchunguzi uitwao ZeNix, uliowahusisha wagonjwa 181 wa Afrika Kusini, Georgia, Moldova na Urusi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, wagonjwa 4 walipatwa na ugonjwa wa mshipa wa jicho. Wote walikuwa katika kundi lililomeza miligramu 1,200 kwa siku kwa majuma 26, na wote wakapona macho. Waliopewa miligramu 600 hawakupatwa, nao walipona kifua kikuu kwa kiasi kinachokaribiana na wenzao. Kipimo cha miligramu 600 ndicho kilichopendekezwa.

Dawa hiyo ina tabia nyingine inayofaa kujulikana, kwani hukimbilia pia miguu. Ganzi na hisia ya kuchomwa nyayoni mara nyingi hutangulia au huandamana na ukungu wa macho, na kinyume cha jicho, miguu si rahisi kurudi kama ilivyokuwa. Mgonjwa anayelalamika kwamba viatu vya kazini vinamchoma ilhali ni vile vile vya mwaka jana, apelekwe akapimwe miguu, damu na macho kwa pamoja.

Kwa askari yule wa mfano, ethambutoli ikiisha kuondolewa, mganga atampima kila mwezi na kuandika alama zake: herufi ngapi kwa jicho la kulia, ngapi kwa la kushoto, kurasa ngapi za rangi. Mpaka alama hizo zirudi pale zilipokuwa siku ya kwanza, asiendeshe gari wala asishike zamu ya silaha, na cheti cha mganga kimfikie mkuu wake wa kazi ili apewe shughuli nyingine kwa muda. Vidonge vya mapafu vinaendelea kila asubuhi kama kawaida. Rangi, kwa wengi wanaopona, hurudi taratibu kuliko herufi. Huenda akasoma gazeti lote majuma kadhaa kabla mkewe hajaacha kumchagulia soksi.